Betri Ilifika Kenyenya Kabla ya Sheria

Leo naomba ruhusa niweke mambo ya programu kando kidogo. Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Kenyenya, na huko nilikutana na swali lililoninyima usingizi kuliko hitilafu yoyote ya kompyuta niliyowahi kuifukuza usiku.

Mambo yalikuwa hivi. Mimi na ndugu zangu tulichanga pesa tumwekee Mama sola ya maana: paneli sita juu ya paa, inveta ya kilowati 5, na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5. Stima ya nguzo tunayo, lakini mvua ikinyesha Kisii na radi zikaanza (na nyinyi mnajua radi za Kisii!), huwa inapotea. Binamu yangu, ambaye ni fundi, akasema, "Hiyo ni kazi ya siku moja. Asubuhi naanza, jioni mnatazama habari."

Nikamuuliza, "Na kibali je? Nani atatia sahihi?"

Akacheka sana. "Sola haina kibali, ndugu yangu. Jua ni la Mungu."

Mama naye akaongeza, "Baba yako aliweka sola hapa hapa. Hakuna mtu wa serikali aliyekuja kuuliza."

Walikuwa wanasema kweli, wote wawili. Lakini mimi nilikumbuka jambo jingine kuhusu sola ile ya Baba, nalo ndilo lililonifanya nianze kuchimba. Nilidhani natafuta kifungu kimoja cha sheria. Nikajikuta nasoma historia nzima. Haya, twende pamoja.

Betri kwanza, jua baadaye

Wengi hudhani sola ilianza na paneli. Kwetu ilianza na betri ya gari. Katika miaka ya 1980 televisheni ziliingia vijijini zikakuta hakuna nguzo za stima. Watu wakapata njia: TV ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe inayotumia volti 12, na betri ya gari sakafuni. Betri ikiisha, unaifunga kwenye kiti cha baiskeli, unaipeleka sokoni kwa mwenye kinu cha dizeli cha kusaga mahindi, unalipa, unairudia kesho yake. Mimi mwenyewe nilitumwa mara nyingi. Suruali yangu moja ya shule ilitoboka magotini kwa asidi, na Mama hakuamini kwamba sikuichoma makusudi.

Kwa hiyo paneli ilipofika, haikuja kuanzisha jambo jipya. Ilikuja kutuondolea safari ya baiskeli. Betri ilikuwa tayari chumbani, waya tayari ukutani, na TV tayari mezani. Shika neno hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza yote yaliyofuata.

Upande wa Meru mambo yalianza kwa utaratibu zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi mmoja Mmarekani, Harold Burris, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, alianzisha kazi ya sola huko. Mwenzake Mark Hankins alikuwa mwalimu katika shule ya harambee ya Karamugi, na shule hiyo ikawashwa taa za jua. Lakini kitu kilichobaki si zile taa. Kilichobaki ni mafundi. Wawili hao waliwafundisha vijana wa pale namna ya kupima waya, kuchagua unene wake, kuweka fyuzi na kutunza betri. Mafundi hao wakasambaa, wakafundisha wengine.

Shida ni kwamba soko lilikimbia kuliko mafunzo. Kufikia miaka ya 1990 paneli ndogo za wati 12 au 14 zilikuwa zinauzwa dukani kama redio. Unanunua, unaitundika juu ya mabati, unaunganisha mwenyewe. Hakuna ruzuku kubwa, hakuna mradi wa serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba zenye sola Kenya zilikuwa zimepita 200,000. Wataalamu wa ng'ambo walikuja kushangaa. Mwaka 2002 Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen walichapisha utafiti wa ubora wa paneli hizo, wakaonyesha kwamba baadhi ya aina zilitoa nguvu kidogo sana kuliko wati zilizoandikwa nyuma yake. Mnunuzi wa kijijini angejuaje? Hana mita. Anaona tu TV inazimika kabla ya taarifa ya habari, anasema mawingu yalikuwa mengi.

Hesabu ambayo hakuna aliyetufanyia

Sasa nije kwa sola ya Baba. Aliiweka mwaka 2003. Fundi aliyekuja (jina lake tuliache) alikuwa amezoea nyumba za mjini zenye stima ya volti 240, akatumia waya uleule wa taa za mjini, wenye unene wa milimita mraba 1.5. Betri ilikuwa chini ya kitanda cha wazazi, TV na taa za sebuleni mita 15 kutoka hapo.

Tufanye hesabu ndogo. Mita 15 kwenda na mita 15 kurudi ni mita 30. Waya wa shaba wa unene huo una ukinzani wa takriban omu 12.1 kwa kilomita, kwa hiyo mita 30 ni omu 0.36. Tuseme TV na taa zinakula wati 40. Kwa volti 12 hizo ni ampea 3.3. Zidisha: volti 1.2 zinapotea njiani. Moja ya kumi ya umeme wako inapasha waya joto ukutani!

Mzigo uleule wa wati 40 kwa volti 240 ungehitaji ampea 0.17 tu, na ungepoteza volti 0.06. Hakuna mtu angeona tofauti. Ndiyo maana fundi wa mjini hakuwa mjinga. Alikuwa na maarifa sahihi ya nyumba nyingine.

Na fyuzi? Hakuweka. Alisema volti 12 haiui mtu. Ni kweli, ukiishika huhisi kitu. Lakini betri ya gari ikiguswa vichwa vyake viwili kwa chuma hutoa mamia ya ampea, na ampea ndizo zinazochoma. Mwaka 2009 panya alikula ngozi ya waya nyuma ya kabati ya nguo. Waya mbili zikagusana. Baba aliamshwa na harufu, akang'oa waya kwenye betri kwa mikono mitupu, akaungua viganja vyote viwili. Kabati ilikuwa imeshaanza kushika moto. Nyumba ilipona kwa sababu mzee yule alikuwa na usingizi mwepesi, basi. Fyuzi ya shilingi chache ingefanya kazi hiyo bila kuamka.

Baba ametangulia mbele ya haki. Makovu yale alikuwa nayo hadi mwisho. Kwa hiyo Mama aliposema hakuna mtu wa serikali aliyekuja kuuliza, mimi nilisikia sentensi hiyo kwa namna nyingine kabisa.

Sheria ilikuwa wapi?

Sheria ya umeme hapa kwetu ilizaliwa na nguzo. Mwaka 1908 Mombasa ilipata kampuni yake ya umeme kupitia mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee, na mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya peke yake ya kuuza umeme Nairobi. Mwaka 1922 shughuli hizo mbili ziliungana zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting. Mto wetu Gucha, ambao ukiteremka chini huitwa Kuja, uliwekewa mtambo kwenye maporomoko ya Gogo kule Migori mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Maji yalipita kwetu, stima ikaenda mgodini.

Angalia picha hiyo: muuzaji mmoja, waya unaotoka kwake, mita, na mnunuzi. Sisi watu wa programu tungesema ukaguzi wote umewekwa mahali pamoja, mlangoni. Fundi mwenye cheti anatandaza nyaya ndani ya nyumba, anajaza fomu ya kumaliza kazi, na bila fomu hiyo hupati mita. Vyeti vya mafundi navyo vikapangwa kwa madaraja, C-2 chini hadi A-1 juu. Sheria ya mwaka 1997 ilipounda bodi ya kusimamia umeme, na ile ya Nishati ya mwaka 2006 ilipoleta tume ya ERC, mlango ulikuwa bado ni uleule: mita.

Sasa nyumba ya sola haina mita. Haina mlango! Betri imeingia kwa baiskeli, paneli imeingia kwa matatu, na umeme unazaliwa ndani ya boma. Hakuna hatua hata moja ambapo mtu analazimika kusema, "Ngoja kwanza, nani kafunga hizi nyaya?" Watu hawakuwa wanavunja sheria kwa ukaidi. Sheria ilikuwa imesimama kwenye mlango ambao wao hawakupitia.

Ilichukua hadi mwaka 2012. Mwaka huo, kwa Tangazo la Kisheria, zilitoka kanuni za mifumo ya umeme wa jua. Na hapa waandishi wake walifanya jambo ambalo mimi nalipenda. Kwa kuwa hakuna mlango wa kusimama, waliamua kusimama kwenye mkono wa fundi. Mafundi wa sola wakagawanywa mara tatu. T1 ni wa mifumo midogo, betri moja ya DC, hadi wati 100. T2 ni wa paneli kadhaa hadi wati 300, au betri zaidi ya moja, na inveta inaweza kuwepo. T3 ni wa mifumo mikubwa na tata, ikiwemo inayounganishwa na stima ya nguzo. Waagizaji, wauzaji na wakandarasi nao wakatakiwa leseni zao.

Yaani kutoka betri ya kwanza kwenye baiskeli hadi kanuni ya kwanza ya sola ni takriban miaka 30. Baba aliungua katikati ya pengo hilo.

Kwa hiyo kibali kinahitajika au hakihitajiki?

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ndiyo iliyogeuza ERC kuwa EPRA. Nimeisoma (ndiyo, nimeisoma, msinicheke) na haya ndiyo majibu niliyompa binamu yangu:

1. Kuzalisha umeme wako kwa matumizi yako mwenyewe, usiozidi megawati 1, hakuhitaji leseni ya uzalishaji. Paneli sita za Mama ni mbali sana na megawati 1. Hapo binamu alikuwa sahihi.

2. Anayefunga mfumo anahitaji leseni. Hapo binamu alikosea. Jua ni la Mungu, lakini waya ni wa fundi. Kwa inveta inayopokea paneli, betri na stima ya nguzo kwa pamoja, huyo ni mtu wa T3.

3. Nyaya za volti 240 ndani ya nyumba ni kazi ya umeme kama nyingine yoyote. Ukigusa kisanduku kikuu cha swichi, fundi wako awe na cheti cha umeme pia.

4. Kurudisha umeme kwenye nguzo ni jambo jingine kabisa. Sheria ya 2019 imeruhusu mwenye mtambo wa nishati jadidifu usiozidi megawati 1 kuomba mkataba huo, na kanuni zake zilitoka mwaka 2024. Bila mkataba, usirudishe hata wati moja.

5. Ukijenga chumba kipya kwa ajili ya betri, umeingia kwenye mambo ya ujenzi, na ruhusa hiyo hutoka kaunti.

Nyumba moja, stima mbili

Mtu anaweza kusema, basi ni makaratasi tu. Hapana. Nyumba ya Mama ya leo si ile ya 2003. Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa Last Mile, ada ya kuunganishwa ikashuka hadi shilingi 15,000, na sisi tukapata mita mwaka 2017. Sasa tunataka kuongeza sola juu yake. Historia mbili ambazo hazikuwahi kukutana, ile ya nguzo na ile ya betri, zinakutana ndani ya kisanduku kimoja ukutani. Hapo ndipo hatari mpya zinapozaliwa.

Ya kwanza: stima ya nguzo ikipotea na inveta yako ikaendelea kusukuma umeme nje, umeme huo unafika kwenye transfoma. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Kama ilizoea kushusha volti 11,000 kuwa 240, ikilishwa kinyume inapandisha 240 kuwa 11,000. Kule juu ya nguzo kuna kijana wa watu amevaa mkanda, anaamini waya umekufa. Ndiyo maana inveta lazima ijitenge yenyewe, na swichi ya kuchagua stima iwe ya aina isiyoweza kuunganisha pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Ya pili: breka za AC si breka za DC. Umeme wa nguzo hubadilisha mwelekeo, na kila sekunde hupita sifuri mara 100. Breka ikifunguka, cheche inapata nafasi ya kufa. Umeme wa betri na paneli unakwenda upande mmoja bila kupumzika. Cheche ikishika, inaendelea kuwaka ndani ya breka mpaka plastiki iyeyuke. Kwa macho breka hizi mbili zinafanana kama mapacha.

Ya tatu: kilowati 5 kutoka betri ya volti 48 ni zaidi ya ampea 100. Waya uwe mnene kama kidole, vifungo vikazwe kwa kifaa chenye kipimo, na fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha betri, kwa sababu kipande cha waya kilichopo kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Ya nne, na hii ni ya Kisii hasa: waya wa ardhini na kinga ya radi. Paneli juu ya paa kwenye mlima wetu si mapambo.

Tulichofanya

Tulimtafuta fundi wa T3 kutoka Kisii mjini, mzee mtulivu mwenye miwani. Alifika, akakaa na Mama, akanywa uji kwanza. Kisha akatembea nyumba nzima bila kufungua begi. Alikataa vitu viwili katika vile tulivyonunua. Breka iliyokusudiwa betri ilikuwa ya AC. Na mahali tulipopanga kuweka betri palikuwa chumbani kwa Mama, ukutani karibu na kitanda.

Mama akamwambia, "Betri ya mzee wangu ilikaa chini ya kitanda miaka mingi."

Mzee akajibu kwa upole, "Na wewe ulilala juu yake, Mama. Sasa tuiweke pale ambapo hata ikikasirika haitakukuta usingizini."

Ikaenda kwenye stoo ya nje, ukuta wa matofali, juu ya sakafu ya saruji. Kazi ilichukua siku tatu badala ya moja, na gharama ikaongezeka kuliko alivyotaka binamu. Sitaficha, binamu alinuna. Lakini siku ya pili nilimkuta ameshika tochi, anamuuliza yule mzee kwa nini nyaya za paneli hazipiti pamoja na zile za stima. Siku ya tatu aliuliza mafunzo ya T1 yanapatikana wapi. Tumekubaliana nitamlipia nusu ya karo, na hilo naliandika hapa ili nisije nikajisahaulisha.

Mzee alipomaliza alichora ramani ya nyaya zote kwenye karatasi moja, akaandika jina lake, namba ya leseni na tarehe, akaigandisha ndani ya mlango wa kisanduku. Mama akavaa miwani akaisoma polepole.

"Hiki ndicho kibali?"

Nikamwambia siyo hasa. Ni jina la mtu wa kuuliza.

Akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango wa kisanduku, akaenda kuwasha taa ya jikoni. Hiyo ndiyo taa ambayo Baba hakuwahi kufanikiwa kuifikisha huko, kwa sababu volti zilikuwa zinaishia njiani.

Nikirudi, tutaendelea na mambo yetu ya programu. Kwa leo niishie hapa. Kama kuna betri chini ya kitanda nyumbani kwenu, tafadhali anzeni na fyuzi.